Jinsi ya kutofautisha maneno ya Kiingereza yanayochanganya kwenye sayansi

Jana nimekaa na mdogo wangu masaa mawili tunahangaika na heat na temperature tu, kwahiyo naandika njia iliyotusaidia.

1. Weka kamusi ya kutafsiri pembeni, usiitegemee. Ukitafuta weight na mass unaweza kupewa "uzito" kwa yote mawili, hapo ushapotea.

2. Angalia kipimo. Mi naanzia hapa kila siku. Mass (wingi wa maada ndani ya kitu) ni kilogramu, weight (nguvu ya uvutano inayokivuta kitu) ni nyutoni. Mtu wa kilo 60 akifika mwezini mass inabaki 60, weight inashuka kutoka kama nyutoni 590 hadi karibu 100. Mtaani mtu akisema weight yake ni kilo 60 hajakosea, kwenye fizikia ndo utakatwa maksi.

3. Heat na temperature, hapa tulia. Kiswahili tunachosema kila siku kinatuponza maana vyote tunaita joto, ukisema "joto la mwili ni 37" hiyo ni temperature. Chukua kikombe chenye robo lita ya maji yanayochemka, nyuzi 100, halafu ndoo ya lita 20 ya maji ya vuguvugu, nyuzi 40. Temperature kubwa iko kwenye kikombe. Sasa tia barafu iliyoanza kuyeyuka: kikombe kitayeyusha kama gramu 300 kisha basi, ndoo itakula kama kilo 10! Mdogo wangu alielewa hapo hapo, akaandika "ndoo ina heat nyingi", na hilo nalo ni kosa, ndo lililotumalizia muda. Heat ni nishati ikiwa safarini, inatoka kwenye moto zaidi kwenda kwenye baridi zaidi, ikishatulia ndani ya maji inaitwa internal energy. Kwahiyo andika ndoo imetoa heat nyingi, usiandike inayo. Heat inapimwa kwa juli, temperature kwa nyuzi au kelvini.

4. Kipimo kikifanana, uliza uelekeo. Speed na velocity zote ni mita kwa sekunde, ila velocity inahesabu na uelekeo, inaangalia umefika wapi kutoka ulipoanzia. Ukizunguka uwanja mita 400 kwa sekunde 80 ukarudi ulipoanzia, speed ya wastani ni 5, velocity ya wastani ni sifuri.

5. Theory haina kipimo. Mtaani ni kuhisi tu, kwenye sayansi ni maelezo yaliyojaribiwa mara nyingi yakasimama. Wazo ambalo bado linasubiri kupimwa liite hypothesis.