Kuigiza ukatili wa vijana kwenye televisheni: mwongozo kwa watayarishaji wa Unguja na Pemba

Kijana akimchoma mwenzake kisu Unguja au Pemba, jua halijatua habari imeshafika kila baraza, na majina yamo. Kwa hiyo kubadilisha majina peke yake hakumfichi mtu. Mtazamaji atasema "huyu si mtoto wa fulani?", na kuanzia hapo hatazami tena tamthilia, anatazama familia ya watu ikianikwa. Kazi ya kwanza ya mwandishi ni kukivunja kisa mpaka mwenyewe asijulikane, na ile sababu iliyokizaa ibaki nzima.

Usiguse kesi ambayo bado iko mahakamani. Na kama mshitakiwa alikuwa mtoto, usilitafute jalada lake kwa njia za panya. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, inamhesabu mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, katika kifungu cha 40, unataka faragha ya mtoto anayeshitakiwa iheshimiwe katika kila hatua ya shauri, na Kanuni za Beijing za 1985, za Umoja wa Mataifa kuhusu watoto wanaoshitakiwa, hazitaki itangazwe taarifa yoyote itakayomtambulisha. Mwigizaji anayevaa jezi ile ile, anayekaa mtaa ule ule na ambaye baba yake ana kazi ile ile anamtambulisha mtoto huyo sawasawa na picha yake.

Kusanya visa vitatu au vine vinavyofanana badala ya kimoja. Gawa karatasi safu mbili. Upande mmoja andika kila kinachomtambulisha mtu: shehia, skuli, kazi ya wazazi, idadi ya ndugu, silaha, sehemu ya mwili iliyojeruhiwa, msimu, na ugomvi ulianza kwa kitu gani. Upande wa pili andika kinachoeleza kwa nini: nani alikuwapo, maneno yalipandaje, ilichukua muda gani, mtu mzima gani alijua akanyamaza. Safu ya kwanza ibadilishe yote. Ya pili usiibadilishe hata kidogo, maana ndiyo iliyokufanya uandike. Ugomvi wa simu iliyovunjika uwanjani unaweza kuwa ugomvi wa baiskeli iliyoazimwa; chupa ikawa bisibisi; mtoto wa mvuvi akawa mtoto wa fundi seremala. Ila tahadhari na kuhamisha kisa kisiwa. Ukitoa ugomvi wa Ng'ambo ukaupeleka Wete, umehamisha na lafudhi, na watu watasikia unawasema Wapemba. Ni salama zaidi kubuni mtaa usio na jina.

Kwa familia za waliodhurika usiende kabla ya arobaini, na usiende peke yako. Anza kwa sheha, yeye atakuambia nani wa kuzungumza naye. Kama mzungumzaji ni mama, mtangulize mwanamke mwenye umri katika kundi lako. Siku ya kwanza usibebe kamera wala kinasa sauti. Nenda kasalimie, toa pole, eleza unataka nini, kisha ondoka. Wanaokubali waandikie wazi kwamba hakitatumika kisa chao kama kilivyo, na kwamba wanaweza kujitoa mpaka siku ya kuanza kurekodi. Usitoe fedha kabla ya mazungumzo, kwa sababu aliyelipwa huona ana deni la kukupa machozi.

Kwenye kuandika, kosa la kawaida ni kulifanya pigo kuwa kilele. Pigo lenyewe huchukua sekunde tatu au nne. Tamthilia ni zile saa zilizotangulia, na miezi inayofuata. Katika sehemu ya dakika 26, ambayo ni takriban kurasa 26 za mswada, mapigano yasizidi sekunde 40. Nafasi iliyobaki wape walioko pembeni: anayecheka, anayetia ndimu, anayetoa simu kurekodi badala ya kushika mkono wa mwenzake. Mwaka 2005, watafiti wa Marekani Margo Gardner na Laurence Steinberg waliwapa watu mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, na wakakuta vijana wa miaka 13 hadi 16 wanajihatarisha zaidi sana wakitazamwa na wenzao, wakati watu wazima tafauti kwao ilikuwa ndogo. Maskani, yaani kijiwe, yenye vijana watano si mandhari tu, ni sababu. Mwandikie kila mmoja wao angalau sentensi moja na uamuzi mmoja, hata kama uamuzi wake ni kugeuka na kwenda zake.

Baada ya pigo ndipo muhali, ile haya ya kumkatalia mtu wa karibu, unapoingia, na hapa ndipo waandishi wetu wengi wanapokimbilia kituo cha polisi na kumaliza hadithi. Msiwahi hivyo. Onyesha mjomba anayekuja usiku kuomba yamalizwe kinyumbani. Onyesha shahidi ambaye mama yake ni rafiki wa mama wa mtuhumiwa tangu chuoni, wanapikiana futari, na sasa mtoto anaambiwa "utamtazamaje shangazi yako?" Onyesha kesi ikiahirishwa, shahidi hakutokea. Huu ni ukatili usio na damu na kila nyumba inaujua. Sini mbili ndefu za namna hii, watu wamekaa ukumbini na chai inapoa, zina uzito kuliko panga kumi.

Waigizaji walio chini ya miaka 18 wawe na idhini ya mzazi iliyoandikwa, na mzazi au mlezi akae mahali anapoona kila kinachorekodiwa. Usimchague kijana wa shehia kilikotokea kisa chochote kati ya ulivyovikusanya, wala mwenye undugu na wahusika. Anayeigiza mchokozi ataitwa jina hilo skuli kwa muda mrefu, kwa hiyo mkutanishe na walimu wake mapema. Usimtie hofu ya kweli ili "atoke vizuri". Hofu ya kweli huharibu mwendelezo, kwani mara ya pili haitoki sawa, na humuumiza mtoto.

Mapigano yapangwe kwa hesabu, na yasizidi hatua nne: kushikwa shati, kusukumwa, mkono kuinuka, kuanguka. Vijana wakipigana kweli hawapigani kama kwenye sinema. Wanavutana nguo, wanateleza, pumzi zinawaishia. Umbali baina yao uwe urefu wa mkono ulionyooka na shibiri moja zaidi. Kamera ikae nyuma ya bega la mmoja wao, ili nafasi iliyo wazi isionekane. Anayepigwa ndiye anayeongoza: yeye hutoa ishara kwa macho, na yeye ndiye anayejivuta, mwenzake anafuata tu. Fanyeni mazoezi kwa robo ya mwendo, kisha nusu, kisha robo tatu, na mrekodi kwa robo tatu hiyo hiyo. Ajali nyingi hutokea mtu anapoongeza mwendo ghafla baada ya kusikia kamera inakwenda. Siku ya kurekodi rudieni hatua zote mara mbili kabla ya kila sini, hata kama jana zilikwenda vizuri. Kuanguka kupitie paja, nyonga, kisha ubavu. Mikono isitangulie, vifundo vya mikono huvunjika hivyo. Weka godoro la sentimita 10 nje ya fremu.

Kisu kiwe cha mpira au mti laini, kilichopakwa rangi ya fedha. Visu vya kuchezea ambavyo bapa lake hurudi ndani ya mpini visitumike hata kidogo, kwani springi hukwama. Kama unahitaji chuma cha kweli kionekane, kirekodi peke yake, makali yamesagwa, mkononi mwa mtu mzima, mwigizaji mwengine hayupo. Kisha kitiwe sandukuni na kifungwe kwa kufuli, na mtu mmoja tu awe na ufunguo.

Damu: chemsha kilo moja ya sukari kwa nusu lita ya maji mpaka iwe shira nyepesi, iache ipoe. Chota vikombe viwili, tia kijiko kimoja cha kakao kilichokorogwa kwa maji kidogo, vijiko vidogo viwili vya rangi nyekundu ya chakula na tone moja la buluu. Bila kakao na buluu, kwenye kamera huonekana kama sharubati. Ikiwa nyepesi mno, ongeza kakao, si rangi, maana rangi ikizidi haitoki kwenye ngozi kwa siku mbili. Jaribu kwanza kwenye kipande cha nguo ile ile. Shati la anayejeruhiwa liwe tatu: safi, lenye damu na la akiba. Sisimizi watakuja, kwa hiyo weka ndoo ya maji karibu. Mwigizaji aoshwe na abadilishe nguo kabla hajatoka eneo la kazi. Asipande daladala na damu ya sukari.

Mswada upelekwe mapema Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni, na ukitaka vichochoro vya Mji Mkongwe zungumza pia na mamlaka yake. Siku mbili kabla, mjulishe sheha na kituo cha polisi kilicho karibu. Weka mtu kila mwisho wa uchochoro mwenye bango kubwa: TUNAREKODI TAMTHILIA. Bango hilo lionekane mwanzo wa kila picha, kwa sababu mpita njia akirekodi kwa simu, kipande cha sekunde kumi kitazunguka WhatsApp kama tukio la kweli kabla hamjamaliza kukunja nyaya. Kagua pia ukuta na bendera zilizo nyuma. Maskani nyingi zina rangi za chama. Kijani na njano, au zambarau, zikiingia kwenye fremu ya ugomvi, watu watajadili siasa na kisa kitapotea.

Panga sauti kwa kufuata adhana. Sini za maneno zisiangukie adhuhuri, alasiri wala magharibi. Mwanga wa jioni kwetu ni mfupi, dakika 20 hivi baada ya jua kutua, na magharibi inaadhiniwa humo humo. Basi tumia muda huo kwa picha zisizo na maneno.

Kwenye uhariri usipunguze mwendo wa pigo na usilitie muziki. Mambo hayo mawili hulifanya lipendeze. Sauti ya ngumi ya kweli ni nzito na fupi. Kitambaa chenye maji kikipigwa kwenye kipande cha nyama kinatosha. Baki na uso wa anayetazama. Usirudie pigo kama kumbukumbu katika sehemu zinazofuata, na kwenye tangazo la tamthilia kisu kisionekane. Omba irushwe saa 3 usiku, wadogo wameshalala, na mwisho iandikwe namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, pamoja na vituo vya Mkono kwa Mkono vinavyowahudumia waliofanyiwa ukatili, kama kile cha hospitali ya Mnazi Mmoja.

Kabla ya kurusha, wakae watu watatu wasioujua mswada, kila mmoja wa mtaa tafauti. Waulize swali moja: hiki ni kisa cha nani? Wawili wakitaja jina lile lile, rudi kwenye ile safu ya kwanza, utafute kilichobaki, ukirekodi upya au ukikate. Sauti zilizorekodiwa za mazungumzo na familia zifutwe baada ya tamthilia kurushwa, na karatasi zenye majina zichomwe.