Mshale wa RPM kwenye gari la zamani: jinsi ya kujua kama unasoma sawa

Nililetewa gari, saluni ya miaka ya 80, ya kabureta, iliyokuwa inazima kila ikisimama kwenye mataa. Fundi aliyeishika kabla yangu alikuwa ameweka sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) kwenye RPM 750, yaani mizunguko 750 kwa dakika, kama kitabu cha gari kinavyotaka, na kazi aliifanya kwa uangalifu. Nilipoipima kwa kifaa, injini ilikuwa inazunguka mara 550 tu kwa dakika. Mshale ulikuwa unaongeza 200. Mkono wa fundi haukuwa na kosa. Aliamini saa ya dashibodi, ile ya mshale wa RPM, yenye umri wa miaka karibu 40, basi. Kwa hiyo ndugu zangu, kabla hujagusa skrubu ya sailensi wala taimingi (wakati wa cheche), pima kwanza hicho unachokitazama.

Kwenye gari la petroli lenye disitributa (kigawa cheche), mshale hauoni krenki, yaani mhimili mkuu wa injini. Unahesabu mapigo ya koili, inayotoa umeme wa cheche. Injini ya silinda 4 hutoa cheche 2 kwa kila mzunguko wa krenki, ya silinda 6 hutoa 3, ya silinda 8 hutoa 4. Shika hesabu hiyo, karibu kila kitu hapa chini kinatoka humo.

Hatua ya 1: Maandalizi. Pasha injini moto hadi choki ifunguke kabisa. Weka gari nje, penye hewa, gia nyutro, handbreki juu, na jiwe nyuma ya tairi. Zima AC, taa na redio. Funga vizuri kanga, tai au mikono mirefu ya shati. Feni haikupi nafasi ya pili.

Hatua ya 2: Maltimita kwenye koili. Tumia maltimita inayopima Hz (mapigo kwa sekunde). Waya mweusi kwenye bodi ya gari, mwekundu kwenye upande hasi wa koili, ule unaokwenda kwenye pointi (swichi ndogo ndani ya disitributa). Usiguse waya mnene wa katikati. Hata huo upande hasi hurusha zaidi ya volti 200 pointi zinapofunguka, kwa hiyo unganisha injini ikiwa imezimwa, na maltimita iwe ya kuhimili volti 600.

Washa, soma Hz, kisha zidisha: kwa silinda 4 mara 30, kwa silinda 6 mara 20, kwa silinda 8 mara 15. Mfano wa silinda 4: Hz 25 ni RPM 750, Hz 50 ni 1,500, Hz 100 ni 3,000. Ukiwa na tochi ya taimingi inayoonyesha RPM, au kipimo cha leza pamoja na kipande cha utepe unaong'aa kwenye puli ya krenki, tumia hicho. Leza ndiyo ninayoipenda zaidi kwa sababu haitegemei umeme wa gari hata kidogo.

Hatua ya 3: Huna kifaa? Tumia taa ya tyubu. Hii nilifundishwa nikiwa mwanafunzi gereji na bado naiheshimu. Umeme wetu wa gridi ni Hz 50, na tyubu ya zamani yenye choki na stata humulika mara 100 kwa sekunde. Chora mstari mmoja mweupe kwenye puli ya krenki, subiri giza, kisha imulike kwa tyubu hiyo peke yake. Ongeza mafuta taratibu hadi mstari huo mmoja uonekane kama mistari kadhaa iliyosimama tuli. Ikiwa minne, injini iko 1,500. Ikiwa miwili, iko 3,000. Sita ni 1,000 na minane ni 750. Kwa ufupi, gawa 6,000 kwa idadi ya mistari. Mistari ikitambaa kufuata mzunguko wa puli, injini imezidi kidogo. Ikirudi kinyume, imepungua. Taa nyingi za LED hazifai, na umeme wa jenereta usiuamini kwa kazi hii.

Hatua ya 4: Pima sehemu tatu, uandike. Watu wengi hukosea hapa. Wanapima sailensi peke yake halafu wanatoa hukumu. Pima 750, 1,500 na 3,000, na kila mara andika mshale unasema nini. Tofauti ndiyo itakayokuonyesha ugonjwa.

Tuseme mshale umesoma 900, 1,800 na 3,600. Umezidi kwa asilimia 20 kila mahali. Huo ni urekebishaji wa ndani uliopotea, mara nyingi kwa uzee wa kapasita. Saa nyingi zina skrubu ndogo nyuma kwa kazi hiyo. Izungushe kidogo sana, kisha upime tena.

Tuseme umesoma 950, 1,700 na 3,200. Umezidi 200 zile zile kila mahali. Hapo saketi ni nzima, mshale wenyewe ndio umehama kwenye mhimili wake. Hapo ndipo kuung'oa mshale na kuurudisha mahali pake kuna maana.

Na kama unarukaruka, usifungue saa kwanza. Safisha ethi ya dashibodi, kagua waya wa koili, pointi na kondensa.

Kwangu mimi, kosa la 100 kwenye 3,000 navumilia. Kosa la 100 kwenye 750 sivumilii, maana hapo ndipo tunapowekea sailensi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, shukrani kwa somo. Nilitoa injini ya silinda 4 nikaweka ya silinda 6, dashibodi ni ile ile. Sailensi inasoma 1,100 na fundi anataka kuishusha.

Jibu: Mzuie, mkuu! Saa yako inagawa mapigo kwa 2 wakati injini inatoa 3. Chukua 1,100, zidisha kwa 2, gawa kwa 3: unapata kama 733. Injini iko sawa. Tafuta saa ya silinda 6, au ya kununua yenye swichi ya 4, 6 na 8 nyuma.

Swali: Habari fundi, pikapu yangu ni dizeli, haina koili. Nifanyeje?

Jibu: Salama kaka. Dizeli za zamani huchukua taarifa kwenye pampu ya nozeli au kwenye tundu la altaneta lenye herufi W. Wewe tumia leza kwenye puli. Kama ni ya W, angalia mkanda kwanza: ukiteleza, mshale unasoma chini. Na kama altaneta ilibadilishwa ikaja na puli ndogo, mshale utasoma juu siku zote.

Swali: Fundi, naweza kutumia GPS ya simu?

Jibu: Kwa gari la manyuo, ndiyo. Kwa otomatiki torki konveta huteleza na kuharibu hesabu. Mfano: tairi inayotembea mita 1.8 kwa mzunguko, gia ya nne ya moja kwa moja (1 kwa 1), difu yenye uwiano wa 4.1. Kwenye kilomita 80 kwa saa unakwenda mita 1,333 kwa dakika. Gawa kwa 1.8, zidisha kwa 4.1, utapata karibu 3,040. Pima mzingo wa tairi kwa kuliviringisha gari chini likiwa na mzigo wake, na abiria ndiye asome simu.

Swali: Kaka, baba ameacha gari la Kiingereza la miaka ya 60. Tumefunga moto wa elektroniki badala ya pointi, mshale umekufa kabisa.

Jibu: Pole dada. Soma maandishi madogo kwenye uso wa saa. Ukiona Smiths na herufi RVI, saa hiyo hupima mkondo wa umeme unaopita kwenda koili, na baadhi ya mifumo ya elektroniki haiupi mkondo inaoutambua. Saa huenda ni nzima. Rudisha pointi kwa dakika 10, upime. Mshale ukifufuka, mpe fundi wa saa aweke saketi mpya ndani, uso wa zamani ubaki kama baba alivyouacha.