Kuchagua Mtaala wa Hisabati ya Vitendo kwa Mtoto Anayesomea Nyumbani Goma

Mzazi wa Goma anayetaka kumfundisha mwanawe hesabu nyumbani kwa kawaida huanza kwa kuuliza bei ya vifaa. Ningemshauri aanze kwingine: afungue somo lolote la mtaala anaoufikiria, kwa mfano lile la kujumlisha 8 na 5, kisha atazame mtoto anaambiwa ashike nini, akifanyie nini, na kifaa hicho kinaondolewa lini. Mtaala unaotanguliza tarakimu na kuleta vijiti baadaye kama pambo haumfai mtoto wa miaka 5. Ule unaomwacha mwaka mzima akihesabu kokoto moja baada ya nyingine haumfai vilevile, kwa sababu atafika darasa la tatu angali anahesabu vidole chini ya meza.

Utaratibu unaofaa una hatua tatu, ambazo mwanasaikolojia wa Marekani, Jerome Bruner, alizieleza katika miaka ya 1960, na ambazo Singapore ilizifanya msingi wa ufundishaji wake wa hisabati kuanzia miaka ya 1980: kwanza kitu cha kushika, halafu mchoro wa kitu hicho, mwishowe alama. Hatua inayorukwa mara nyingi ni ya mchoro, na kurasa za mtaala zisizompa mtoto nafasi ya kuchora alichokipanga ni dalili mbaya.

Chukua trei ya mayai 30, ambayo ina mistari 6 ya mashimo matanomatano, uikate kila baada ya mistari 2. Utapata fremu tatu za mashimo 10. Mtoto anatia maharagwe 8, kila shimo punje moja, anaona mashimo 2 matupu, anachukua punje 2 kutoka kwenye zile 5, fremu inajaa na nje zinabaki 3. Hapo lugha ya nyumbani inamsaidia kuliko kifaa chochote: «kumi na tatu» ni maelezo kamili ya alichokiona, ilhali neno la Kifaransa «treize» linaificha ile kumi. Kwa hiyo mtaala ulioandikwa kwa Kifaransa usiukatae, ila somo lenyewe lifanyike kwanza kwa Kiswahili, na majina ya Kifaransa yafuate mtoto akishaelewa, kwa kuwa atayahitaji akirudi shuleni.

Angalia pia mtaala umetoka wapi. Ule wa Ufaransa utamfundisha kuita 70 «sitini na kumi», na 90 «themanini na kumi», wakati shule zetu, kama za Ubelgiji, husema septante na nonante. Ule wa Marekani utakuja na inchi, na sarafu za senti 25, kwa mtoto ambaye hajawahi kushika sarafu yoyote na ambaye tayari anatumwa dukani na noti ya faranga 500. Sura ya pesa utaiandika upya mwenyewe. Ikiwa sura za kuandika upya ni nyingi, tafuta mtaala mwingine. Masomo yanayotegemea video za intaneti siyajadili kwa kirefu: anayeishi na umeme unaokatika ameshajua jibu.

Kuhusu vifaa, mitaala mingi hutumia vya kuhesabia kimoja kimoja, shanga zilizotungwa kumikumi za mwalimu Mwitalia Maria Montessori, au vijiti vya mwalimu Mbelgiji Georges Cuisenaire, ambavyo vina urefu wa kuanzia sentimita 1 hadi 10, kila urefu na rangi yake. Mimi napendelea vijiti, kwani havimruhusu mtoto kuhesabu kimoja kimoja: chekundu cha 2 na cha njano cha 5, vikiunganishwa, vinalingana na cheusi cha 7, naye analiona hilo kwa jicho. Kimoja cha kila urefu kinahitaji jumla ya sentimita 55 za mbao, mbali na kinacholiwa na msumeno, na ni huo msumeno unaoharibu kazi. Vijiti vyeupe 10 vya sentimita 1, vikipungua milimita moja kila kimoja, havitakifikia kile cha rangi ya machungwa cha 10, na mtoto atajifunza uongo. Kama fundi hana uhakika wa vipimo, kata vipande vya katoni juu ya karatasi ya mirabaraba. Ni duni kwa sura lakini vinasema kweli.

Mawe ya volkano ya Nyiragongo yamejaa kila ua, lakini kingo zake zinakwaruza. Maharagwe makavu au vizibo vya chupa ni bora. Vyote vikae mbali na mtoto aliye chini ya miaka 3.

Kabla ya kununua mwaka mzima, fundisha sura moja kwa wiki mbili, dakika 20 kwa siku. Kisha funika vifaa kwa kitambaa, umwulize mtoto 9 na 4 ni ngapi na amejuaje. Akisema kwamba alitoa 1 kwenye 4 ili kujaza kumi, endelea na mtaala huo. Akianza kuhesabu kimoja kimoja kuanzia 1, fundisha sura hiyo tena kwa fremu na michoro, na asipobadilika baada ya hapo, jaribu mtaala mwingine kabla ya kutoa pesa.