Dada unaenda misheni nje ya nchi? Soma hii kwanza

Kama umeshapata wito wa kutumikia kama mmisionari kwenye Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, hongera, sasa tuongee mambo yenyewe. Dada anatumikia miezi 18, kaka 24, kwa hiyo viatu ndo cha kwanza, nunua vya kutembelea sio vya picha, na uvivae nyumbani kabla ya safari mpaka vilainike. Sketi usijaze begi zima, tangu 2018 suruali za heshima zinaruhusiwa.

Ishu kubwa ni mwenzi wako, yaani dada mmisionari unayepangiwa kutumikia naye. Hujamchagua, na mtakuwa pamoja toka mnaamka mpaka mnalala, kwa hiyo kitu kikikukera kiseme mapema, kwa upole, siku hiyo hiyo, maana ukikaa nacho wiki nzima kitatoka vibaya halafu mko mlangoni kwa mtu mnatabasamu kwa kulazimisha (na watu wanaona, usijidanganye).

Lugha usisubiri uijue ndo uongee. Kaa na watoto na wazee, hao wanakurekebisha hapo hapo na hawana haraka.

Nyumbani unaweza kupiga simu au video kila wiki, siku ya maandalizi (ile siku ya wiki ya kufua, kununua vitu na kupumzika), ruhusa hiyo ilikuja 2019. Ila usipige ukiwa umetoka kulia, utampa mama presha bure, oga kwanza, kula, ndo upige. Na huzuni ikigoma kuisha mwambie rais wa misheni (kiongozi wa wamisionari wa eneo lako) au mkewe mapema, hiyo sio imani ndogo.