Jinsi ya kutengeneza gemu ya DJ na madansa mkiwa wanafunzi, bila kupitwa na biti

Kama mko watatu wanne mnasoma pamoja na mnataka kutengeneza gemu ya mdundo, yaani ya kubonyeza vitufe kufuata biti, ile DJ yuko nyuma ya mashine na madansa wako mbele yake, nawaomba jambo moja, msianze na michoro. Najua ndo tamu. Sisi tulianza hivyohivyo, wiki nzima tunachora taa na spika na rasta za DJ, kuja kuweka wimbo kila kitu kinayumba na hatujui tushike wapi. Anzeni na kiboksi kimoja cheupe kwenye skrini nyeusi, kinaruka kila biti ikigonga, na kitufe kimoja cha kubonyeza. Hicho kiboksi kikienda sawa na ngoma dakika tatu nzima bila kuteleza basi gemu mnayo, kilichobaki ni kuivalisha nguo.

Na kitateleza tu mara ya kwanza. Wengi tunakosea kwa kuhesabu muda wenyewe, yaani kila fremu (picha moja ya skrini) ikipita unaongeza kwenye kaunta yako alafu unaamini kwamba wimbo nao umefika hapohapo. Haujafika. Sauti inatembea kwa saa yake na picha zinatembea kwa saa nyingine, mashine ikikwama kidogo picha zinasimama ila wimbo hausimami kukusubiri. Kwa hiyo muda uulize kwenye sauti yenyewe. Kama mnatumia Unity, programu ya kutengenezea gemu, kuna saa ya sauti inaitwa AudioSettings.dspTime, na wimbo unauanzisha kwa PlayScheduled ili ujue umeanza saa ngapi kamili. Kwenye Godot, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, unachukua get_playback_position (wimbo ulipofika), unajumlisha get_time_since_last_mix (muda tangu sauti ichanganywe mara ya mwisho), unatoa get_output_latency (sauti inavyochelewa kutoka). Namba ya dspTime inasogea kwa kurukaruka, haiteremki laini, kwa hiyo mishale inayoshuka kumwonyesha mtu lini abonyeze ikionekana inatetemeka usishtuke, lainisha kwenye picha tu, hukumu ya kitufe, kwamba amepatia au amekosa, ibaki na saa ya sauti.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, 60 gawanya kwa BPM, yaani idadi ya biti kwa dakika. Wimbo wa BPM 120 biti moja ni sekunde 0.5. Wa 128 ni 0.46875, na hapa msifupishe namba jamani, mwenzetu mmoja aliandika 0.47 akaona si ni ilele tu. Tofauti ni milisekunde 1.25 kwa kila biti, huwezi kuisikia, lakini wimbo wa dakika tatu una biti 384, zidisha uone, inafika milisekunde 480, mmeshapitwa na biti nzima na ushee. Mwanzo wa wimbo watu wanapata, mwisho wanakosa wote, na nyie mnalaumu vidole vyao.

Kitu kingine ni ukimya wa mwanzo. Biti ya kwanza haigongi sekunde ya sifuri, pima imegonga wapi kwa kuangalia mawimbi kwenye programu kama Audacity, andika hiyo namba pembeni ya kila wimbo. Faili za MP3 huwa zinaongezewa ukimya kidogo mwanzoni zikitengenezwa, tumieni OGG au WAV mtalala usingizi. Na noti zenu, yaani kila mahali mtu anapotakiwa kubonyeza, ziandikwe kwa biti, biti ya 16, ya 16 na nusu, msiziandike kwa sekunde, maana mkija kusogeza huo mwanzo mtaandika upya noti 300.

Wimbo uwe wenu au wa mtu aliyewaruhusu kwa maandishi. Mkiwa na rafiki anayetengeneza biti huyo ni dhahabu, mwambieni awape BPM isiyobadilika na awape ngoma, besi na sauti kila kimoja faili lake, mtaona faida yake mbele.

Kwenye hukumu, sisi tulianzia milisekunde 45 kabla au baada kuwa safi kabisa, 90 poa, 135 umepona, zaidi ya hapo umekosa. Muonyeshe mtu amewahi au amechelewa, maana ukimwambia umekosa tu hana la kurekebisha.

Sasa spika. Siku tunaonyesha gemu yetu mbele ya watu tuliunganisha spika ya Bluetooth ya kuazima, kubwa, inatikisa meza. Kijana wa kwanza akakaa, anabonyeza, gemu inamwambia umechelewa, umechelewa, umechelewa. Akaacha vitufe, akaanza kupiga makofi huku anaangalia skrini, na makofi yake yalikuwa juu ya ngoma kabisa, ukumbi mzima unasikia yuko sawa na gemu bado inamkataa. Nilijisikia vibaya sana kwa ajili yake. Bluetooth inaweza kuchelewesha sauti milisekunde 200 hivi, wakati mwingine zaidi, na sisi hatukuweka sehemu ya kurekebisha. Iwekeni siku ya pili tu baada ya kile kiboksi, cheza tiki tupu, mtu abonyeze mara 16, tupa zile nne za mwanzo maana bado anatafuta mdundo, zilizobaki chukua ya katikati, hiyo ndo tofauti ya chumba kile na spika ile, ihifadhi. Mtu asilazimike kuitafuta kwenye menyu, ije yenyewe mara ya kwanza.

Tukija kwa DJ mwenyewe. Mwaka 1997 Konami walitoa beatmania, vitufe vitano na sahani ya kuzungusha, mwaka uliofuata wakatoa Dance Dance Revolution, mishale ya kukanyaga. DJ akawa na mashine yake na dansa akawa na yake. Nyie mnawaweka kwenye chumba kimoja, na mimi hapa ndo napapenda zaidi, maana Kiswahili kimeshawaunganisha zamani, kucheza gemu na kucheza muziki ni kitenzi kimoja.

Kwa hiyo mpeni DJ kazi ya DJ, asiwe mtu wa kugonga mishale inayoshuka basi. Deki mbili, yaani mashine mbili za kuchezea nyimbo, na feda katikati, kile kitelezi cha kuhama kutoka deki moja kwenda nyingine. Skrachi, yaani kuisugua sahani kwa mkono, ni miendo miwili, mbele na nyuma, kila upande una sauti yake, basi iwe noti mbili, si moja. Kuhama deki kuruhusiwe popote lakini kulipe vizuri mwanzo wa fungu la biti 32, maana nyimbo nyingi za kuchezeka zinageuka hapo, na masikio ya mtu yanajua hata kama hajawahi kuhesabu. Akikosa, usimpigie honi. Zima faili la ngoma kwa biti mbili tatu, ibaki besi peke yake, atasikia pengo mwenyewe na atataka kulirudisha. Ndo maana niliwaambia muombe mafaili tofauti.

Mwaka 1973 kule Bronx, New York, DJ Kool Herc alikuwa anaangalia watu wanavyosubiri kile kipande cha ngoma tupu katikati ya wimbo ndo waingie kucheza, akachukua santuri mbili zinazofanana akawa anakirudia kipande kilekile, hii ikiisha anahamia ile. Alisoma sakafu. Gemu yenu iwe hivyo, alama zisomwe kwenye miili ya madansa. Sisi tulifuta kabisa ule mstari wa afya juu ya skrini, unaoonyesha mchezaji amebakiza uhai kiasi gani. DJ akiwa sawa wanasogea katikati mmojammoja, akiyumba wanarudi ukutani, na akifanya vizuri mafungu mawili mfululizo mpeni kipande cha ngoma tupu akirudie mwenyewe mpaka akosee.

Kuwachora madansa ni mikao minne tu inatosha, mmoja kwa kila biti. Siri ni kwamba mguu ufike chini biti inapogonga, usianze kushuka inapogonga. Ukianza hapo dansa anaonekana mzito kila siku, na watu watakwambia gemu inachelewa wakati hesabu iko sawa. Goti likunjwe robo biti kabla, na muda wa animesheni utokane na ileile namba ya biti ya kwenye sauti, msimwachie dansa saa yake.

Mkianza kujaribisha, tafuteni mtu ambaye hajaiona, mkabidhini vitufe alafu nyamazeni kabisa, msimfundishe. Msiangalie skrini, angalieni mguu wake chini ya meza. Pale mguu unapoacha kugonga, andikeni ni biti ya ngapi, mkaanzie kurekebisha hapo.