Namna ya kuvuka Puna de Atacama kwa gari: bakuli ambalo huwezi kushuka bila kupanda kwanza

Puna de Atacama ni uwanda wa juu katika milima ya Andes, pale kaskazini-magharibi mwa Argentina inapokutana na Chile. Sehemu kubwa ya sakafu yake iko kati ya mita 3,300 na 4,500 juu ya usawa wa bahari, na volkano zilizosimama juu yake zinapita mita 6,000. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu ana kipimo tayari: San Antonio de los Cobres, mji unaofungua Puna kwa upande wa Salta, uko karibu mita 3,775, juu kidogo ya kambi ya Horombo. Lakini Horombo hufikiwa kwa miguu, siku ya pili, mwili ukiwa umeshaanza kuzoea. San Antonio unaweza kufika kwa gari kabla ya chakula cha mchana, ukiwa umekunywa chai ya asubuhi mjini Salta kwenye mita 1,200 hivi. Hapo ndipo safari nyingi zinapoharibika.

Ielewe ardhi kabla ya kufungua ramani

Puna ni kavu kwa sababu imezibwa pande mbili. Mawingu ya Amazon yanamwaga maji yao kwenye miteremko ya mashariki ya Andes na kufika juu yakiwa matupu. Upande wa magharibi, mkondo baridi wa Humboldt na kanda ya kanieneo kubwa juu ya Pasifiki vinaizuia hewa ya bahari isipande na kuleta mvua. Mvua chache zinazoingia huja hasa kati ya Desemba na Machi, na zikishaingia hazina pa kutokea. Mito ya Puna haifiki baharini. Inateremka kutoka milimani, inaingia kwenye bonde lililofungwa, maji yanakauka kwa jua, chumvi inabaki. Miaka elfu kwa elfu ya kazi hiyo ndiyo iliyotandika salar, yaani nyanda nyeupe za chumvi, na ndiyo iliyokusanya boraksi na lithiamu zinazochimbwa huko leo.

Safu za milima ndani ya Puna zinakwenda kaskazini hadi kusini, na mabonde yamelala katikati yake. Ukisafiri kaskazini au kusini, unafuata bonde. Ukisafiri mashariki au magharibi, kila bonde linakudai upande abra, yaani njia ya juu kati ya milima, kisha ushuke kwenye salar nyingine. Kumbuka jambo hili kuliko yote: ukiwa ndani ya Puna, karibu kila barabara ya kutoka inapanda kwanza kabla ya kushuka. Kutoka San Antonio kurudi Salta unapita Abra Blanca, mita 4,080. Kutoka Salinas Grandes, uwanda mwingine wa chumvi, kurudi mji mdogo wa Purmamarca unapita kilele cha Cuesta de Lipán, mita 4,170. Kutoka kijiji cha Tolar Grande, kilicho kwenye mita 3,500, kurudi San Antonio unapita Alto Chorrillo, mita 4,560. Kwenye Kilimanjaro mgonjwa anateremshwa moja kwa moja. Hapa anapandishwa kwanza, na saa hiyo ya kumpandisha ndiyo ya hatari.

Siku nne za mwanzo

Kwa hiyo usiingie Puna kutoka Salta siku hiyo hiyo. Lala Salta usiku mmoja. Tumia mchana kwenda makumbusho ya MAAM, wanapohifadhiwa watoto watatu waliotolewa kafara na Wainka miaka 500 hivi iliyopita karibu na kilele cha Llullaillaco, mita 6,739. Walipatikana mwaka 1999 na timu ya Johan Reinhard na Constanza Ceruti, na baridi kavu ya huko ilikuwa imewatunza hata nywele. Ingia kwa heshima ya msibani. Jamii za asili hazijaacha kuulizana kama ilikuwa sawa kuwateremsha.

Kisha nenda Purmamarca, mita 2,320 hivi, ukalale mausiku mawili. Siku ya katikati panda Lipán hadi Salinas Grandes (mita 3,450, kama kilomita 65), kaa saa mbili tatu, halafu rudi kulala chini. Siku ya nne ndipo uhamie San Antonio. Kanuni ya madaktari ni kwamba ukishapita mita 3,000, usingizi wa usiku usizidi ule wa jana kwa zaidi ya mita 500. Jiografia ya Puna haikuruhusu kuifuata neno kwa neno, maana kati ya Purmamarca na San Antonio hakuna pa kulala pengi, na hii ndiyo sababu ya kupanda mchana na kushuka jioni.

Maumivu ya kichwa pamoja na kichefuchefu, kukosa hamu ya kula au kukosa usingizi ni dalili ya ugonjwa wa kimo, ambao wenyeji huuita soroche au puna tu. Ukiwa nayo, usipande zaidi. Pumzika, kunywa maji, acha pombe. Wanaotumia acetazolamide kwa kinga kwa kawaida humeza miligramu 125 mara mbili kwa siku kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Muone daktari kabla, hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Majani ya koka yanayotafunwa na wenyeji ni halali upande wa Argentina na yanapunguza uchovu, ila hayatibu, na usijaribu kuvuka nayo kwenda Chile.

Dalili za hatari ni nyingine. Mwambie mtu atembee mstari mmoja, kisigino mbele ya kidole. Akiyumba, ubongo wake unavimba. Akihema akiwa amekaa, au akikohoa povu, ni mapafu. Hapo hakuna kungoja asubuhi. Mpe oksijeni kama ipo, peleka kwenye kituo cha afya kilicho karibu bila kuvuka abra, kisha mshushe. Ndiyo maana uamuzi wa kurudi ufanywe dalili zikiwa ndogo, angali na nguvu za kustahimili ile saa ya kupanda.

Gari, mafuta na maji

Kwenye mita 4,000 kanieneo ya hewa ni kama asilimia 62 ya ile ya pwani. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000, kwa hiyo gari dogo la kukodi litapanda Lipán kwa gia ya pili, na hilo si ubovu. Tairi hufanya kinyume: ulilojaza Salta litasoma kama psi 4 zaidi ukifika juu, kwa sababu hewa ya nje imepungua. Pima upya asubuhi, tairi zikiwa baridi. Kwenye barabara ya kokoto yenye mikunjo kama bati, shusha hadi psi 26 hivi na uendeshe kilomita 40 hadi 60 kwa saa. Tairi gumu kwenye kokoto kali ndilo linalochanika. Beba spea mbili kamili, jeki yenye ubao wa kuwekea chini, na pampu.

Mafuta yahesabu hivi. San Antonio hadi Tolar Grande ni kama kilomita 215. Kwenda na kurudi 430. Ongeza kilomita 160 za kwenda Cono de Arita na kurudi, unapata 590. Gari linalokula lita 12 kwa kilomita 100 litahitaji lita 71. Ongeza asilimia 30 kwa mchanga, gia ndogo na kupotea njia: lita 92. Tangi likiwa la lita 70, madumu ya lita 22 yanakosekana, na ni hayo ya kununua San Antonio. Usiondoke ukitegemea kujaza Tolar Grande. Wakati wa baridi, Juni hadi Agosti, usiku hushuka hata nyuzi 20 chini ya sifuri, na dizeli ya kawaida huganda kama uji kwenye filta; jaza dizeli ya majira ya baridi na uegeshe gari likitazama jua la asubuhi.

Maji ya kunywa ni lita 4 au 5 kwa mtu kwa siku, na lita 10 za akiba zisizoguswa. Maji ya vijito usiyaamini kwa sura, kwani mengi yana chumvi, na mengine yana aseniki inayotoka kwenye miamba ya volkano, ambayo kuchemsha hakuiondoi. Tukiwa kwenye kuchemsha: juu huko maji yanachemka kwenye nyuzi 87 hivi. Wali unachelewa, maharage hayaivi kabisa bila sufuria ya presha. Na usiwashe jiko la gesi au mkaa ndani ya hema au chumba kilichofungwa hata kama baridi inauma, maana hewa yenye sumu ya jiko huleta kichwa kilekile cha soroche, ukadhani ni kimo.

Kutoka San Antonio kuelekea Tolar Grande

Reli utakayoiona njiani ni ya C-14, iliyoanza kujengwa mwaka 1921 chini ya mhandisi Mmarekani Richard Maury na kukamilika 1948 hadi mpakani Socompa. Daraja lake la La Polvorilla, nje ya San Antonio, lina urefu wa mita 224, na liko mita 63 juu ya bonde. Kabla ya reli, Puna ilivukwa kwa miguu ya ng'ombe. Wachungaji wa Salta waliwaswaga makundi hadi kwenye migodi ya chumvichumvi ya jangwa la Chile, ng'ombe wakipigiliwa viatu vya chuma kama farasi ili kwato zisiishe. Walikwenda kutoka vega hadi vega, yaani zile chemchemi zenye majani mabichi kando ya salar. Ukiona vega leo, ndipo utakapoona zizi la mawe, nyumba ya udongo na llama. Usiegeshe wala kupiga kambi juu yake. Ni malisho ya mtu, na tairi moja linaacha kovu la miaka.

Baada ya Alto Chorrillo barabara inashuka, inapita salar ya Pocitos, kisha inaingia kwenye vilima vyekundu vya udongo kabla ya Tolar Grande. Mbele ya kijiji imelala Salar de Arizaro, ambamo Cono de Arita umesimama peke yake kama piramidi. Endesha juu ya tuta la barabara tu. Ganda la chumvi linaonekana gumu kama saruji, lakini chini yake kuna tope, na gari likizama hadi ekseli, jeki nayo inazama. Ojos de Mar, vidimbwi vya buluu nje ya kijiji, vina jamii za vijidudu vinavyojenga mawe hai. Tazama kutoka kwenye njia, usitie mguu. Rundo la mawe kwenye abra ni apacheta, sadaka kwa Pachamama, Mama Dunia wa watu wa Andes. Ongeza jiwe ukitaka, usitoe. Siku ya kwanza ya Agosti ni siku yake, na shughuli nyingine zinaweza kusimama.

Mpaka, na namna ya kuuvuka

Eneo hili lilikuwa la Bolivia hadi Vita vya Pasifiki (1879 hadi 1883), Chile ilipolichukua. Mwaka 1889 Bolivia ikaiachia Argentina madai yake juu ya Puna, na Argentina ikaacha kuidai Tarija. Nchi mbili zikawa na ardhi moja. Machi 1899 tume ya watu watatu, William Buchanan wa Marekani, José Evaristo Uriburu wa Argentina na Enrique Mac Iver wa Chile, ilipiga kura kipande kwa kipande, na kura ya Buchanan ndiyo iliyoamua. Katika kilomita za mraba 75,000 hivi, 64,000 zilikwenda Argentina na 11,000 Chile. Mpaka ukavutwa moja kwa moja kutoka kilele hadi kilele, Rincón hadi Socompa, juu ya malisho ya watu wa Atacama ambao hakuna aliyewauliza. Argentina iliunda Eneo la Kitaifa la Los Andes mwaka 1900, ikalivunja 1943 na kuligawa kati ya majimbo ya Jujuy, Salta na Catamarca. Ndiyo sababu leo ukiuliza hali ya barabara Salta, huenda wasijue lolote kuhusu Antofagasta de la Sierra, ulioangukia Catamarca. Na angalia jina hilo kwenye simu: Antofagasta pekee ni bandari ya Chile, na ramani itakupeleka Pasifiki.

Njia iliyo rahisi kuvukia ni Jama, mita 4,200, yenye lami kote. Kutoka mji mdogo wa Susques hadi Jama ni kama kilomita 120, na Jama hadi San Pedro de Atacama 160 nyingine. Gari la kukodi linahitaji kibali cha maandishi cha kutoka nchini, na huagizwa siku kadhaa kabla. Kula matunda yako kabla ya mpaka. Chile hairuhusu matunda mabichi, mbegu, asali wala nyama, na kutoyatangaza kuna faini. Uliza asubuhi hiyo kama njia iko wazi, maana upepo wenye theluji unaweza kuifunga hata siku ambayo Susques kuna jua.

Baada ya mpaka barabara inaendelea kupanda kabla ya kuporomoka kando ya volkano ya Licancabur, zaidi ya mita 2,000 ndani ya kilomita 40 hivi. Shuka kwa gia ileile ambayo ungepandia, gusa breki kwa vipindi vifupi, na uwaachie nafasi malori. Ukinusa breki zikiungua, simama mahali papana, usimwagie maji, ngoja dakika 20 zipoe.