Mkia wa Super Cub Ukicheza, Tafuta Kiungo Kabla ya Kukaza Nyaya

Mkia wa Piper Super Cub, ndege iliyoanza kuundwa Marekani mwaka 1949, hushikiliwa na mabomba ya chuma, bolti chache na nyaya bapa. Ikitumika sana kwenye viwanja vya udongo kama vya upande wa Ruaha, vumbi hula viungo hivyo. Wengi hukimbilia kukaza nyaya. Mtikisiko hupungua kweli, lakini tundu lililopanuka linabaki vilevile, na stabilaiza, yaani bawa dogo la mkiani lililolala, inalazimika kubeba mzigo usio wake.

Zima magneto, yaani mitambo ya kuwasha cheche za injini, weka vizuizi kwenye magurudumu. Mwenzako ashike ncha ya stabilaiza, aitikise taratibu juu na chini. Wewe weka kidole juu ya kiungo, kiguse vipande vyote viwili: kidole husikia mwachano ambao jicho halioni. Anza na bomba la mbele kwenye skrubu ya trimu, ile inayopandisha na kushusha stabilaiza, nenda la nyuma, kisha hinji za elevata, kipande kinachopanda na kushuka nyuma ya stabilaiza, moja moja.

Udongo mwekundu wa Iringa huficha dalili. Safisha kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, ukague tena ndege ikisharuka na kutua. Unga wa kahawia au mchirizi mweusi ukirudi kando ya bolti ileile, huo si udongo. Ni chuma kinasagana.

Kwenye hinji, chomoa pini uipitishie ukucha. Ukisikia ngazi, pini imeliwa, weka mpya. Pini ikiwa nzima, tatizo ni bushi, kibomba kidogo ambamo pini hupita. Isukume itoke, ingiza mpya kwa presi, halafu pitisha rima, chombo cha kusawazisha tundu, kwa sababu bushi ikibanwa tundu lake husinyaa. Pini lazima izunguke kwa ulaini.

Skrubu ya trimu ikicheza, usiifiche kwa grisi. Grisi yenye mchanga husaga kama msasa. Ioshe, ikaushe, pima skrubu na nati yake, ubadilishe kilichopita kipimo cha kitabu cha ndege.

Tundu la bomba likiwa na umbo la yai, simama hapo. Usitoboe kubwa zaidi wala usiweke bolti nene kwa uamuzi wako. Hiyo ni kazi ya mchomeleaji wa ndege mwenye kibali, kwa maelekezo yaliyoidhinishwa.

Wakati wa kufunga, kama kitabu hakisemi vingine, bolti ya ndege ya saizi AN3 yenye nati ya kawaida na meno makavu hukazwa nyutoni-mita (Nm) 2.3 hadi 2.8, na ya saizi AN4, Nm 5.6 hadi 7.9. Nati ya kujifunga inayozunguka kwa vidole itupwe, na kotapini ziwe mpya daima.

Nyaya ni za mwisho. Zikaze kidogo kidogo kulia na kushoto huku ukiangalia pimamaji, zisipinde stabilaiza, kisha funga nati zake za kuzuia. Fundi wa pili mwenye leseni akague peke yake: fimbo ya rubani ikivutwa nyuma, elevata ipande. Ndipo kitabu cha kumbukumbu za ndege kisainiwe.